Barua Sitini kwa Siku

Ordella, Iowa, 1957

Jumanne, 3 Septemba

Leo asubuhi Verna Stohlmann alinisomea barua ya wakubwa wake, akiwa amesimama nyuma ya kaunta ya posta, kwa sauti ile ile anayowasomea wakulima matangazo ya mbegu. Mwezi wote wa Oktoba, kila barua itakayopigwa muhuri wa Ordella itahesabiwa. Wastani usipofika sitini kwa siku, posta itafungwa mwisho wa Novemba na barua zetu zitapitia Melrud.

"Sasa hivi unapiga muhuri barua ngapi?" nilimuuliza.

"Siku nzuri, thelathini na moja. Krismasi tunapanda kidogo."

Melrud iko maili tisa kutoka hapa. Wana daktari wa meno na barabara ya lami, na wakitutaja husema "kule". Posta ikifungwa, anwani zetu zote zitaandikwa Melrud. Reli iliacha kusimama hapa miaka sita iliyopita, shule ikafungwa mwaka uliofuata. Muhuri wa Verna ndio mahali pa mwisho ambapo jina la Ordella bado linaandikwa kila siku.

Verna ana miaka hamsini na minane. Nilimfundisha kuanzia darasa la kwanza hadi la nane, na tangu mumewe afariki amesimama nyuma ya kaunta hiyo miaka kumi na tisa. Chumba cha posta ni sebule ya nyumba yake. Aliniuliza, "Mwalimu, unadhani nifanye nini?"

Nilinunua stempu tatu.

Ijumaa, 6 Septemba

Mvua. Sikutoka.

Jumamosi, 7 Septemba

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa chini ya kanisa. Aliyeuongoza ni Orville Knutsvig, msimamizi wa ghala la nafaka, ambaye hajawahi kuuona ukimya akauacha upite salama. Tangu akiwa mwanafunzi wangu nimemhesabu kuwa debe tupu.

"Jamani, hesabu ni nyepesi," alisema. "Tuko watu mia moja themanini na wanane. Watoeni watoto wachanga, mtoeni na mzee Hjalmar ambaye macho yake—"

"Naona kuliko wewe!" mzee Hjalmar alipaza sauti kutoka nyuma. Ana miaka themanini na sita.

"—na mzee Hjalmar ameomba kubaki. Kila mtu amwandikie jirani yake barua mbili kwa wiki, basi. Tumevuka sitini na chenji juu."

Nilisimama. Nikasema kwamba barua isiyo na la kusema ni uongo uliobandikwa stempu.

"Mwalimu," alisema Orville, "nilipokuwa na miaka kumi uliniandikisha insha ya kurasa mbili juu ya maisha ya jani. Sikuwa na la kusema hata chembe. Mbona uliihesabu?"

Ukumbi mzima ulicheka, na mchungaji akacheka.

"Nilikupa alama nne kati ya kumi."

"Lakini uliihesabu!"

Nilikubali kwa sharti moja, nalo likaandikwa katika kumbukumbu za mkutano: kila barua iwe na walau jambo moja la kweli ambalo anayeipokea hakuwa akilijua. Waliinua mikono wote. Kisha tukala pai ya tufaha, ambayo hapa hufunga kila shughuli, yakiwemo mazishi.

Jumapili, 15 Septemba

Mahindi yanakauka. Clarence Buhr, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, alinipungia mkono akiwa juu ya trekta. Amekuwa akinipungia mkono kwa miaka thelathini, na sidhani kama tumewahi kuzungumza sentensi kumi.

Jumatatu, 30 Septemba

Duka limeishiwa bahasha.

Jumanne, 1 Oktoba

Nimepata barua kumi na moja. Katika mwaka mzima uliopita nilipata tisa.

Ya Clarence nainakili yote: "Mwalimu mpendwa hujambo mimi sijambo ng'ombe hawajambo. Jambo la kweli ni kwamba sipendi kabichi. Wako, Clarence Buhr." Niliisahihisha kwa wino mwekundu na kumrudishia kwa njia ya posta.

"Hii nayo ni barua?" Verna aliuliza, muhuri ukiwa hewani.

"Ina jambo la kweli ambalo mpokeaji halijui. Hajui kuweka koma."

Akagonga muhuri. Sijamwona akicheka hivyo tangu wakati wa vita.

Ijumaa, 4 Oktoba

Jana zilikuwa tisini na nne. Verna ameandika idadi hiyo kwenye kadibodi na kuiweka dirishani, halafu akaiondoa kwa kuona haya. Nyonga yake inamsumbua. Kila barua humpa hatua nane: kutoka kwenye sanduku la kutumbukizia hadi kwenye muhuri, kutoka kwenye muhuri hadi kwenye visanduku vya wapokeaji, kisha kurudi. Leo watu walimtazama akichechemea, wakainamisha macho kwa adabu.

Jumanne, 8 Oktoba

Watu wamemaliza habari za ng'ombe na sasa wanaingia katika mambo ya zamani. Mzee Hjalmar ameniandikia kurasa tano kwa penseli. Anaeleza jinsi reli ilivyotupita maili mbili kusini mwaka 1881, na jinsi mji ulivyoamua kuifuata. Walisubiri theluji igande, wakaweka majengo kumi na moja juu ya magogo, wakayafunga kwa minyororo na kuyavuta kwa maksai. Kanisa lilitangulia. Ndani ya nyumba ya tatu mama yake alikuwa akichemsha kahawa, moshi ukitoka katika bomba la paa huku nyumba ikitembea, na kila aliyetembea kando alipokezwa kikombe dirishani.

Kanisa lilipofika liligundulika kuwa limegeuka: mlango unaelekea shambani, na mgongo unaelekea barabarani. Mwenye maksai aliuliza kama wanataka aligeuze. Wazee walitazamana, wakatazama wale wanyama waliochoka, wakasema hapana, hapo hapo panafaa, asante sana. Kwa hiyo hadi leo tunazunguka nyuma kuingia kanisani. Nimeingia kwa njia hiyo miaka sabini bila kujua sababu.

Ijumaa, 11 Oktoba

Clarence amejibu. Ameweka koma.

"Mwalimu mpendwa, asante kwa kunisahihisha. Ulitaka jambo la kweli. Mwaka 1926 nilishindwa mtihani wako wa darasa la nane, ukanirudisha mwaka. Majibu niliyajua. Nilitaka mwaka mmoja zaidi wa ile ramani ya dunia iliyokuwa ukutani karibu na jiko. Nyumbani hatukuwa na ramani, na baba alikuwa ameshaninunulia buti za shambani. Wako, Clarence."

Kwa miaka thelathini na moja nimemdhania kuwa mzito wa kichwa, na nimewahi kusema hivyo mbele za watu. Sikutia wino mwekundu katika barua hii.

Jumanne, 15 Oktoba

Mvua siku ya nne mfululizo. Mashine za kuvuna zimelala mabandani. Nilimaliza jibu langu kwa Clarence, nikavuka barabara na kumkabidhi mkononi. Niliona ni jambo la busara. Hakuna sababu ya mwanamke mwenye nyonga mbovu kuibeba barua kuzunguka chumba ili ivuke hatua ishirini.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimekuta barua ya Ardis, mke wa Orville, kizingitini pangu, chini ya chupa ya achari ya matango. Achari ni nzuri. Barua ni nzuri zaidi.

Jumamosi, 19 Oktoba

Jalidi ya kwanza, nyasi zote nyeupe. Bata bukini walipita juu alfajiri, wakibishana.

Jumanne, 22 Oktoba

Baada ya kufunga posta Verna alikuja kwangu. Alikaa kwenye ukingo wa kiti na hakuvua koti.

"Wiki ya kwanza jumla ilipanda hadi tisini na nne kwa siku," alisema. "Wiki iliyopita hamsini. Jana ishirini na sita, Mwalimu. Ishirini na sita! Kabla hatujaanza haya yote nilikuwa na thelathini na moja. Hata zile za kawaida zimetoroka."

"Mvua," nilisema.

"Mvua haizuii mtu kuandika. Humweka ndani aandike." Alikuwa akikunja na kukunjua glavu yake. "Wamechoka na mimi. Sisemi kwa ubaya. Watu wana kazi zao. Lakini kama ndivyo, afadhali wangeniambia, nisiendelee kusimama pale kila asubuhi nikilitazama sanduku kama bibi harusi aliyeachwa kanisani."

Nilimwambia sidhani kama ni hivyo. Aliniuliza basi ni nini, nami wakati huo huo nilianza kukisia, na macho yangu yalikuwa juu ya ile chupa ya achari.

Jumatano, 23 Oktoba

Naandika haya kwa ukamilifu, kwa kuwa yananihusu.

Saa tano asubuhi, wakati ambao mji wote huja kuchukua barua, nilikwenda posta. Walikuwepo watu kama arobaini, wengine wamesimama nje kwenye ngazi kwa sababu ya buti zenye tope. Nilipanda juu ya kreti la chupa za maziwa, nikapiga makofi mawili. Wote walinyamaza na kunitazama mbele, ni mazoea.

"Nani ameandika barua wiki hii?" niliuliza. "Inueni mikono."

Mikono yote iliinuka. Mzee Hjalmar aliinua miwili.

Verna aliitazama mikono ile, uso wake ukiwa haujui uelekee wapi.

"Nani ameipitisha barua yake hapa posta? Asiyeipitisha, ashushe mkono."

Ilishuka polepole, mmoja baada ya mwingine, mpaka ikabaki mitatu. Orville alishusha wake huku akijifanya anajikuna sikio.

"Orville," nilisema. "Umezipeleka wapi?"

"Nazipeleka mwenyewe, Mwalimu. Njiani nikienda kazini." Alitazama buti zake. "Sasa mtu na nyonga yake vile, umrundikie mabarua? Nilisema nimpunguzie kidogo. Sikujua kama wengine nao..."

"Mimi niliweka yangu kwenye kapu la mayai," alisema mmoja.

"Mimi nilimpa mchungaji."

"Alinipa, ndiyo," alisema mchungaji. "Alinipa sita."

Hakuna aliyemwambia mwenzake. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake anayefanya wema huo, na akauficha ili asionekane anajisifu.

Verna alitoka nyuma ya kaunta. Sijui kama tumewahi kumsikia akipaza sauti.

"Nyonga yangu?" alisema. "Nani aliwatuma? Nyonga yangu ilikuja kwako, Orville, ikakuomba msaada?"

"Hapana, Bi Verna."

"Mnanionea huruma mpaka mnanifukuza kazi! Mdomo wote huo ulio nao, ulishindwa kuuliza swali moja?"

"Tulidhani unachoka."

"Nachoka! Nimekuwa nachoka tangu mwaka arobaini na mbili! Nani amekwambia kuchoka ni ugonjwa? Kila usiku nimelala nikisema, haya, kesho hawataleta hata moja, na ninyi mnapita dirishani kwangu na barua makotini, mnanipungia mikono!"

Clarence alivua kofia. Wanaume wengine nao wakavua.

"Hata wewe, Mwalimu?" Verna alinigeukia. "Nimeuona mkono wako ukishuka."

"Hata mimi," nilisema kutoka juu ya kreti. "Moja. Kwa Clarence. Mvua ilikuwa ikinyesha."

"Mvua!" alisema Verna, akarudi nyuma ya kaunta na kuanza kupanga stempu ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

Nilishuka kwenye kreti. Mtu alinishika kiwiko, alikuwa Orville.

Jumamosi, 26 Oktoba

Orville alipata wazo. Barua zile zilizopelekwa kwa mkono zikusanywe, zitiwe katika bahasha mpya na kupitishwa posta kwa njia halali. Nilipima jambo hili tangu asubuhi na sikuona udanganyifu ndani yake: barua ni ile ile, na ukweli wake ni ule ule. Akazunguka nyumba kwa nyumba na kapu la kuvunia.

Saa tisa alikuja kwangu. Kapu lilikuwa tupu.

"Hawatoi," alisema, akaketi bila kukaribishwa. "Mwalimu, mji mzima! Huyu anasema ameipoteza, huku naiona imechomekwa kwenye kioo. Yule anasema ngoja aisome mara moja tena. Mzee Hjalmar anazo saba chini ya godoro, akanitisha kwa fimbo. Hata Ardis! Barua niliyomwandikia mimi, mumewe, nikamwekea chini ya sahani. Namwambia nipe, ni ya mji. Ananiambia ameitia kwenye Biblia, na nikiigusa nitajipikia mwenyewe mpaka Pasaka."

"Ulimwandikia nini?"

Masikio yake yaliwaka. "Jambo la kweli. Si ndivyo ulivyotaka?"

Kisha akaniomba ile ambayo Ardis aliniletea mimi. Nilimwambia iko mahali nisipoweza kupafikia. Ilikuwa katika mtoto wa meza, mbele ya magoti yangu.

Nilimmiminia kahawa. Debe hili lina kitu ndani.

Jumatatu, 28 Oktoba

Jua. Kila mashine iko shambani. Watu wanaandika juu ya matrekta, bahasha zinakuja na alama za mafuta, na katika moja nilikuta ganda la hindi. Jana Jumapili mchungaji alifupisha ibada ili watu wapate saa moja ya kuandika. Leo: mia moja na tatu.

Alhamisi, 31 Oktoba

Verna alifunga hesabu saa kumi na moja jioni, sisi tukiwa tumesimama. Aliipiga mara tatu.

Wastani ni hamsini na sita.

Angeweza kuandika sitini. Kalamu ni yake, daftari ni lake, na siku za juma lile la kimya hazina shahidi. Aliandika hamsini na sita, akakausha wino, akaitia ripoti katika bahasha na kuipiga muhuri. Hiyo nayo aliibeba hatua zake nane.

Jumapili, 10 Novemba

Theluji nyepesi. Mahindi ya Clarence yameisha kuvunwa. Amekuja kunionyesha ramani ya dunia aliyoiagiza kwa posta. Tulisema zaidi ya sentensi kumi.

Jumatano, 20 Novemba

Jibu limefika. Posta ya Ordella itafungwa Jumamosi tarehe thelathini. Wanamshukuru Bi Stohlmann kwa utumishi wake na kwa usahihi wa hesabu zake. Verna ameibandika barua hiyo ukutani kwa pini nne, imenyooka kabisa.

Jambo moja linanishangaza. Hesabu ilikwisha wiki tatu zilizopita, hakuna anayehesabu tena, na bado barua zinakuja. Leo, Verna anasema, arobaini na nane.

Jumamosi, 23 Novemba

Nilimkuta Verna peke yake. Nilimuuliza, kwa ajili ya maongezi tu, barua gani ilimpendeza zaidi katika zile alizopata.

"Mimi?" alisema. "Mimi sikupata."

"Hata moja?"

"Barua za mwenye posta hazihesabiwi, Mwalimu. Ni sheria, ili mtu asije akajiandikia mwenyewe. Kila aliyeniuliza nilimwambia, usipoteze stempu yako kwangu, mwandikie mwingine." Alikuwa akifuta kaunta. "Na walisikia. Ni watu wasikivu."

Barua karibu elfu moja na nusu zimepita katika mikono yake mwezi wa Oktoba. Nilirudi nyumbani. Mimi nilimfundisha mwanamke huyu kuandika, na katika mwezi mzima wa kuwasahihisha wengine haikunijia kwamba naye ana kisanduku cha barua.

Nilivuka barabara nikamwambia Clarence. Clarence, ambaye hasemi, alimwambia Orville. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Alhamisi, 28 Novemba

Sikukuu ya Shukrani. Bata mzinga kwa akina Knutsvig. Watu walikula haraka kisha wakaomba kalamu.

Jumamosi, 30 Novemba

Theluji ilianguka usiku kucha. Verna alifungua saa mbili kamili. Sanduku la kutumbukizia lilikuwa limejaa mpaka kifuniko hakifungi, na nyingine zilikuwa chini, kwenye mkeka. Alizibeba hadi kwenye kaunta, akachukua ya kwanza, akaipiga muhuri, akasoma anwani ili ajue pa kuiweka. Akaiweka kando. Akapiga ya pili, akasoma. Ya tatu akaishika kwa muda mrefu.

Zilikuwa mia moja na kumi na mbili, zote zake.

Alizipiga muhuri moja moja, kila muhuri umekaa sawa, na akazipeleka kwenye kisanduku chake, namba moja, hatua nane kwenda na kurudi, mpaka kisanduku kikajaa akatumia kapu. Kazi hiyo ilichukua hadi karibu saa tano. Chumba kilijaa watu wakimtazama akichechemea, na hakuna aliyenyoosha mkono kumsaidia. Hilo tulikuwa tumejifunza.

"Fungua basi hata moja!" alisema Orville.

"Mtu wa posta hasomi barua kazini," alisema Verna. Alitazama saa ya ukutani, kisha akanitazama mimi. "Mwalimu, njoo huku nyuma."

Sheria hairuhusu mtu ambaye hakula kiapo kusimama nyuma ya kaunta ya posta. Nilizunguka, nikasimama.

Verna alivua aproni, akaikunja. Akavaa koti na kofia, akachukua mkoba wake kama mtu aliyetoka nyumbani, akazunguka kaunta na kwenda kusimama mwisho kabisa wa foleni, nyuma ya Clarence. Watu walisogea wampishe.

"Kaeni mlivyo," alisema. "Nitangoja zamu yangu."

Basi niliita, kwa majina kamili, kama ilivyonipasa.

"Knutsvig, Orville. Hakuna kitu chako."

"Umeangalia vizuri?"

"Hakuna, na usisimame hapo. Hjalmar Aasen. Hakuna. Mchungaji, hakuna. Buhr, Clarence."

"Najua," alisema Clarence, akasogea kando.

Alibaki yeye, mkoba ameushika kwa mikono miwili, theluji iliyoletwa na buti za watu ikiyeyuka kuzunguka miguu yake.

"Stohlmann, Verna."

"Nipo, Mwalimu," alisema.

Nilimpa kwa mafungu, maana zilikuwa nyingi.